Radi Isiyo na Ngurumo

"Usilale, baba! Nisemeshe!"

Radi alipiga honi, akachomoka katikati ya lori na ukuta. Kwenye kiti cha nyuma mzee aliguna, mkono mmoja umening'inia, shati limelowa damu.

Kwenye uwanja wa mbio za magari alikuwa malkia. Kule kona zote alizijua kama chumba chake. Hakuna tuta, hakuna anayevuka, na ukikosea unapokelewa na mchanga. Mashabiki ndio waliompa jina, radi isiyo na ngurumo, maana gari lake la umeme lilipita kama upepo, bila mlio. Fundi wake alishamwonya: "Ya uwanjani yaache uwanjani, dada." Sasa aliyaona. Tairi za mbio, laini kama kipara, ziliteleza kwenye lami iliyolowa. Tumbo la gari likakwaruza tuta, mzee akapiga ukelele.

"Nisamehe, baba. Nisamehe."

"Polepole, mwanangu," mzee alisema kwa shida. "Utaua watu."

"Nikienda polepole utaniponyoka!"

Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Betri ilikuwa imechemka tangu mazoezi ya asubuhi, na sasa gari likajipunguzia nguvu lenyewe. Radi akakanyaga hadi mwisho. Wapi! Likajikokota kama punda aliyegoma. Mwendesha baiskeli akawapita, akageuka kuwacheka. Bingwa wa mbio akaupiga usukani ngumi, machozi yakimtiririka.

"Mama watoto ananingoja," mzee alinong'ona. "Nilimwambia sichelewi."

"Nitampigia mwenyewe. Nitajie namba yake. Sema, baba!"

Mzee alitaja tarakimu chache, ulimi ukawa mzito, akanyamaza.

"Baba? Baba!"

Mlango wa hospitali ulipotokea, Radi hakutafuta pa kuegesha. Alilitelekeza gari katikati ya njia, akambeba mzee kifuani hadi kwenye machela. Wauguzi wakamkimbiza ndani. Mmoja alibaki, mama wa makamo, akamshika Radi mkono uliojaa damu.

"Bado anapumua. Jikaze, binti. Jina la baba yako ni nani?"

Radi aliegemea ukuta.

"Silijui," alisema. "Alikuwa anavuka barabara. Hakunisikia nikija."