Kitufe cha Mkunga

Mwenyekiti wa zahanati alitaka picha yake ijaze kioo cha simu.

"Iongeze tena, binti," alimwambia Tunu, aliyekuwa kwenye kompyuta akitengeneza ukurasa wa zahanati wa mtandaoni. "Watu wanijue."

Tunu akaongeza ukubwa kwenye mtindo, yaani agizo la mwonekano, alioupa jina "kubwa". Kitufe cha kumpigia mkunga nacho kikavimba, kwa kuwa alikipa jina hilohilo, na picha ikakisukuma chini kabisa.

Bi Sauda, mkunga mwenyewe, ambaye simu yake haikuwa na intaneti, aliazima simu ya mwenyekiti atazame. "Mwanangu, mbona sijioni?"

"Uko chini, bibi. Vuta ukurasa."

Akavuta, akavuta. "Mwenye uchungu atavuta hivi mpaka azalie mlangoni?"

"Naye anataka picha huyu!" mwenyekiti akacheka.

Tunu hakucheka. Alilifuta jina "kubwa" kila mahali lilipokuwa. Picha akaiita "mwenyekiti", kitufe akakiita "mkunga", ili ukigusa kimoja kingine kisitikisike. Kisha akakipandisha kitufe juu, picha akaiweka chini yake.

"Umenishusha, binti?"

"Nimekushusha, mzee."

"Basi ukurasa huu siupokei. Nirudishe juu."

"Picha nitaikuza upendavyo. Juu hapana."

Mwenyekiti akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Tunu hakuondoa vidole vyake. Bi Sauda, kama hajawasikia, akafungua ukurasa upya kwenye simu ya mwenyekiti na kubonyeza kitufe bila kuvuta. Simu yake mwenyewe ikaanza kulia mfukoni mwa aproni yake, na hakuna aliyeinyamazisha.