Kopo la Senti za Tundu

Kopo la Kitwana lilikuwa limebadili sauti.

Kila asubuhi, kabla ya kupeleka korosho zake za kukaanga sokoni Kisarawe, alilitoa chini ya kitanda, akalitikisa sikioni, akalirudisha. Kifuniko alikitoboa kwa kisu ili adumbukize senti. Kukifungua hakukifungua, aliamini mali ikifunguliwa kabla ya siku yake huondoka baraka.

"Baba Swaumu," mkewe Mwamini alimwambia akifagia uwanja, "siku hizi watu wanataka noti. Hata senti zimetoka mpya, hazina tundu. Hayo matundu yako utampelekea nani?"

"Haba na haba hujaza kibaba, mama. Na tundu lina kazi yake. Senti unaitunga, haipotei. Noti utaitunga wewe?"

"Kibaba cha nani?" aliuliza Mwamini, akaendelea kufagia.

Jibu alikuwa nalo. Mtaa mzima ulikuwa nalo. Kopo lile lilikuwa mahari ya Sikuzani, mjane wa Kongowe, ambaye Kitwana alimwendea kwa baiskeli kila Ijumaa, kanzu imepigwa pasi na Mwamini huyo huyo. Mwamini hakugomba. Alilia siku moja tu, jikoni, akasingizia moshi. Kisha akamwomba mumewe amletee uzi imara kutoka sokoni.

"Shanga zangu za kiunoni zimekatika," alisema.

Kitwana akaleta uzi. Mume gani humnyima mkewe uzi wa shanga?

Tangu hapo nyumba ikawa na mlio mpya. Mwamini akiinama kuchota maji, chwe. Akipita na sinia, chwe, chwe. Kitwana alitamani kuuliza ni shanga gani hizo zenye mlio mzito namna ile, lakini adabu ni adabu: shanga za mke husikilizwa, haziulizwi. Basi akasikiliza. Ijumaa moja baiskeli ikawa na pancha. Iliyofuata, jua likawa kali mno kwa safari ya Kongowe. Hata korosho zikaanza kurudi nyumbani mapema, nusu ya kapu hazijauzwa.

Kilichomkera ni kopo tu.

"Zamani lilinguruma, sasa linachekacheka," alimlalamikia Mwinjuma, mshenga wake. "Nahisi kuna mwizi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwinjuma alimwonya.

Kitwana akajipapasa mifuko ya kanzu.

Siku ya kupeleka mahari ikafika. Mwinjuma alikuja na kofia mpya kichwani. Kitwana akatoka na kopo, akaketi barazani, akalipakata. Ndani, Mwamini alikuwa akipanga vikombe. Chwe. Kitwana akageuza shingo. Chwe, chwe.

"Bwana Mwinjuma," alisema mwishowe, "nenda kamwambie yule mama nimeshindwa."

"Umeshindwa mahari?"

"Mahari ninayo. Nimeshindwa kutoka nyumbani."

Mwinjuma aliondoka akicheka peke yake. Kitwana akaingia ndani kwa haya, akamkabidhi mkewe kopo bila kumtazama usoni.

"Mama Swaumu, chukua ukanunue doti ya kanga. Ulisema kweli, senti siku hizi hazina faida."

"Usizidharau, mume wangu," alisema Mwamini.

Akaingia nalo chumbani, akafungua kifuniko, akamimina mkekani shanga zake za zamani, nyekundu na nyeupe, akazipuliza vumbi. Kisha akatoka kwenda kumchemshia mumewe chai, na mahari ya Sikuzani ikawa inalia kiunoni mwake: chwe, chwe, chwe.