Mama wa Mkurugenzi

Hivi wewe ungenyamaza, kama anayezomewa mbele ya watu ni mwanao wa kumzaa?

Bibi alikuwa amekaa mstari wa tatu katika ukumbi wa shule, ambao kuta zake bado zilikuwa na alama ya mafuriko usawa wa kiuno. Mbele, mwanawe, mkurugenzi wa idara ya maafa, alikuwa akisoma karatasi.

"Idara ilifuata taratibu zote..."

"Hizo taratibu zinajua kuogelea?" fundi cherehani mmoja alidakia. Watu wakaangua kicheko.

Bibi hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vya mwanawe, vyeusi, vinang'aa. Akamkumbuka marehemu mumewe, aliyeongoza idara hiyohiyo enzi zile ilipokuwa chumba kimoja tu na kengele ya tahadhari. Mto ukijaa, alikwenda kugonga kila mlango mwenyewe. Akirudi, bibi alimkalisha kwenye kigoda, akamtoa tope kwenye kucha za miguu kwa kijiti cha kiberiti, taratibu, huku mzee anasinzia na kutaja majina ya waliovuka salama.

"Mama, naomba ukae," mkurugenzi alisema kwa sauti ndogo.

Kumbe bibi alikuwa ameshasimama, na kipaza sauti kimeshamfikia.

"Siku mbili nilikaa juu ya meza, mwanangu," alisema. "Boti ilikuja, nashukuru. Lakini kila niliposikia mtu anapita majini huko nje, nilidhani ni wewe. Nilitaka uje."