Vifaa vya Mvuvi Anayeanza

Kambale alikuwa amelala juu ya jiwe, anamtazama Gaudence. Gaudence naye alisimama mbali kidogo, leso puani, akitafakari namna ya kumuua bila kumgusa.

"Anakusubiri," Evodia alisema.

"Namwona."

"Basi mshike. Angalia miiba tu."

Samaki alijipinda, akaacha ute juu ya jiwe, ute mzito wa kijivu unaovutika kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Bwawa lenyewe, hapo nje kidogo ya Mlali, ng'ombe walilinywa upande mmoja na kulikojolea upande wa pili. Na mnyoo wa chambo alikuwa ametungwa na Evodia, kwa sababu mchumba wake alipomwona mnyoo huyo akijinyonganyonga, alikwenda kuegemea mti kwa muda.

Lakini ilibidi ashinde. Mara ya kwanza alipokwenda ukweni alitengewa ugali na mlenda. Tonge la kwanza liliteleza hadi nusu ya koo, likakutana na heshima yake ikiwa inapanda, na vyote viwili vikatokea mezani mbele ya baba mkwe. Mzee Sila, bwana mifugo mstaafu, alifuta mkono wake taratibu, kisha akatoa hukumu. Mwanaume mwenye kinyaa hawezi kumwogesha mke anayeumwa wala kumsafisha mtoto anayeharisha. Apewe nafasi moja. Arudi na kitoweo alichokivua na kukitengeneza mwenyewe. Akishindwa, posa imekufa.

"Si ulimwambia baba umezaliwa kwenye mtumbwi?" Evodia aliuliza.

"Nilimwambia Bukoba. Mtumbwi aliuongeza mwenyewe."

"Na wewe ukaitikia."

Gaudence alifungua mkoba wa ngozi.

Aliununua mjini Dodoma, mnadani, msimu ule mashirika ya umma yalipokuwa yanakufa kama kuku wenye kideri na mali zao kuuzwa hadi vitasa vya milango. Dalali aliuchungulia mkoba, akajikuna kichwa, kisha akautangazia umma kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba hivyo ni vifaa vya mvuvi anayeanza, toka Ulaya, maana mzungu hamgusi samaki kwa mkono. Makarani wote waliokuja mnadani walicheka. Gaudence peke yake aliona mbingu zimefunguka.

Kulikuwa na ndoano ndefu ya mkono, yenye ncha butu. Kulikuwa na kisu kidogo cha kuvaa kidoleni kama pete, kilichopinda kama ukucha wa kunguru. Kulikuwa na uzi wa chuma uliosokotwa, wenye makali ya kukwaruza, na vishikio vyake viwili. Vyote alivisugua kwa sabuni hadi vidole vikakunjamana. Kwenye mikunjo ya vishikio yalibaki madoa ya kahawia, na ngozi ya mkoba ilikuwa na harufu asiyoijua. Akaamua madoa ni kutu, na harufu ni Ulaya.

Alimpachika kambale ndoano shavuni. Akavaa kisu, akageuza uso, akapasua. Utumbo ulimwagika juu ya jiwe na kilichokuwa ndani yake kikafuata. Akazungusha uzi shingoni mwa samaki, akashika vishikio, akavuta huku na huku hadi kichwa kikaachana na mwili. Kisha akaenda nyuma ya kichaka, akatapika kama muungwana, kwa siri.

"Samaki mmoja, vyuma vyote hivyo," Evodia alisema aliporudi. "Utadhani unampasua waziri."

"Ndio utaalamu, Evo."

Chakula kilipoiva huko ukweni, Gaudence alivipanga vifaa vyake kando ya sufuria, vinang'aa. Mzee Sila aliketi, akaitikia shikamoo, akavitazama kwa muda mrefu. Akauokota ule uzi. Bila kuelekezwa na mtu, akaupachika kwenye vishikio vyake, akaujaribu, akaurudisha.

"Hivi umevitoa wapi, kijana?"

"Ni vyangu, baba. Kwetu kila mtoto wa kiume akianza kuvua hupewa vyake."

"Umevizoea."

"Tangu utotoni."

"Na mezani umevileta vya nini?"

Gaudence alinusa mtego. Mzee alikuwa anampima, bila shaka, kama kweli ni mtu wa ziwa. "Kwetu ndivyo vya kuvulia na ndivyo vya kulia, baba," alisema. "Hatutenganishi."

Akaichukua ndoano, akaopoa mnofu kutoka kwenye mchuzi, akautia mdomoni moja kwa moja na kuilamba ndoano hadi kwenye kipinda. Mwiba ulipomkwama kwenye jino, akavaa kile kisu kidoleni, akauchokonoa bila haraka.

Evodia alinyoosha mkono kwenye sufuria. Baba yake akaivuta sahani ya binti pembeni. "Wewe kula mlenda, mama."

Mzee mwenyewe hakugusa chochote. Alimtazama Gaudence akitafuna, na uso wake, uliokuwa mgumu tangu siku ile ya kwanza, ukalegea taratibu kuwa uso wa mtu aliyekutana na mkubwa wake.

"Nilikukosea, mwanangu," alisema. "Binti nakupa. Mimi nimefanya kazi na vifaa hivi maisha yangu yote. Nimevitumbukiza kwenye kizazi cha ng'ombe, mkono hadi begani, nikamkata ndama aliyeozea humo na kumtoa kipande kipande. Lakini kuvitia mdomoni, hapana, moyo huo sikujaliwa."