Amepelekwa Coventry

Mumewe alipofungua mdomo, Maureen Thackley aliongeza sauti ya redio.

"Maureen, nina neno," alisema Gerald. Alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la mvua, kofia mkononi. "Nisikilize kidogo tu. Ni jambo kubwa."

Maureen akasuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Hakugeuka.

Waingereza wakimsusa mtu, husema wamempeleka Coventry. Mji wenyewe haukuwa mbali na kijiji chao, na treni ilifika, lakini anayepelekwa hapandishwi treni yoyote. Ananyimwa salamu, ananyimwa jibu, anapitwa kama kiti, mpaka apige magoti. Mama yake Maureen aliwahi kumpeleka mumewe huko msimu mzima wa baridi, naye alirudi amelainika.

Kosa la Gerald lilikuwa hili: mbele ya kasisi na nusu ya kijiji, alionja jemu ya machungwa ya mkewe akasema ina maji. Kisha akaonja ya Pauline, yule mjane anayekaa karibu na posta, akasema, "Hii ndiyo imeshika." Jitu zima, halijui hata kuchemsha yai, linahukumu jemu.

Maureen alitaka kitu kimoja tu: kuombwa radhi. Sasa jitu lenyewe limekuja kuomba, kwa sauti ile ya kondoo, limevaa koti kama limeitwa mahakamani. Alizidi kumdharau kwa kusalimu amri upesi hivyo. Arudi kesho, alijiambia, na aombe vizuri.

Mlango ulifungwa taratibu. Gerald alikuwa amekwisha kuhamishia birika, soksi na kiti chake cha kukunja kwenye banda la bustani, ambako wanaume wa pale hukimbilia mambo yakiharibika ndani. Basi akae humo na buibui wenzake. Maureen hakuchungulia dirishani, kwani kumtazama mtu wa Coventry ni nusu ya kumsemesha. Wiki ile yote hakuchungulia.

Jumamosi alikuwa akianika nguo, jirani yake Enid akakohoa upande wa pili wa ua.

"Shoga, Gerald simwoni siku hizi. Mzima?"

"Gerald?" Maureen alikung'uta shuka. "Nimempeleka Coventry. Na atakaa huko mpaka nitakapotaka mimi."

Enid alimkodolea macho, kisha akashusha pumzi.

"Kumbe unajua. Na sisi huku tunategeana nani akwambie. Una moyo, shoga. Wangu mimi angeonekana stesheni na Pauline mchana kweupe, masanduku mkononi, ningemng'oa meno. Wewe unasema umempeleka mwenyewe." Akasogea karibu na ua, akapunguza sauti. "Pauline alipiga simu jana. Anasema tangu wafike Coventry, Gerald hanyamazi."