Nakala ya Sauti ya Raya

Zilibaki siku tatu Raya afanyiwe upasuaji wa koo ambao ungemwokoa lakini ungemwondolea sauti. Mumewe, Mbarouk, alikuwa akimrekodi kila alasiri: akisoma, akiomba dua, akisimulia walivyooana. Kompyuta ilipaswa kutuma nakala yenyewe, kwa waifai, hadi kwenye diski iliyokuwa chumbani. Leo alipoikagua diski, alikuta nakala ya mwisho ni ya siku tisa zilizopita.

Alizima na kuwasha kila kitu. Akaisogeza diski mbali na kabati la chuma lililokuwa pale chumbani, lisije likawa linazuia waifai. Haikusaidia.

"Huwa unafanya nini tukimaliza kurekodi?" Raya aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Naifunika kompyuta, tunakunywa chai."

"Ukiifunika si inalala?"

Mbarouk aliigeukia kompyuta. Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku aliifunika haraka apate kukaa na mkewe, na kazi ya kunakili ikakatika ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

Aliileta diski sebuleni, akaiunganisha kwa waya, akaipanga kompyuta isilale. Kioo kikaonyesha kwamba zimebaki dakika arobaini.

"Chai yako itachelewa," alisema.

"Ichelewe. Njoo ukae." Raya alimpisha kwenye mkeka. "Hujarekodi bado ninavyokuita kwa jina lako."

Mbarouk akakaa, akabonyeza kitufe. Raya alimtazama usoni, akavuta pumzi amwite, huku taa ndogo ya diski ikiwaka na kuzima kati yao.