Kiota Juu ya Mamba

Sikieni ya ndege Mnana, mama kijana, fundi wa kufuma asiyejulikana na yeyote. Aliposikia Mama Tai anatafuta wa kumfumia kiota cha wanawe, hakungoja, akaenda akaning'iniza chake juu ya kinywa cha Mamba, makinda wake wawili wakiwa ndani, akapiga kelele, "Njooni muone, hakikatiki!"

Upepo ukavuma, kiota kikayumba, Mamba akaachama, na kweli hakikukatika.

"Ufundi unao, binti," Tai akasema.

"Basi kazi nimepata, mama?"

"Hujapata. Kufuma kwako nimekuona. Nimewaona pia uliowatundika ili utazamwe. Wangu nitakuachiaje?"

Mnana akageuka kuwatazama wanawe. Walikuwa bado wanatetemeka, na hapo ndipo naye akaanza kutetemeka.